Nani Humkagua Mkaguzi? Ithibati ya Vyuo na Mafunzo ya Kitaaluma Nchini Rwanda Tangu 1929

Utangulizi

Nyarutarama, katika sekta ya Remera, wilaya ya Gasabo, haijulikani kwa vyuo vikuu. Wakazi wa Kigali huijua kwa majumba yake ya fahari, kwa uwanja wa gofu ulio bondeni, na kwa Green Hills Academy, shule iliyofunguliwa mwaka 1997 na ambayo hutahini wanafunzi wake kwa mtaala wa International Baccalaureate, asasi iliyoasisiwa Geneva mwaka 1968. Hadi Septemba 2022 eneo hilohilo lilikuwa pia na vitongoji vya Kangondo na Kibiraro, ambavyo watu waliviita Bannyahe, kabla wakazi wake hawajahamishiwa Busanza. Kijana wa kitongojini aliyetafuta cheti cha ufundi au shahada ya masomo ya jioni alitegemea muhuri wa taasisi ya serikali ya Rwanda. Jirani yake wa mlimani alitegemea muhuri wa Geneva. Mihuri yote miwili ilikubalika kwa waajiri. Makala hii inauliza swali ambalo wanahistoria wa elimu katika Afrika Mashariki wameligusa kwa nadra: aliyepewa mamlaka ya kutia muhuri alikaguliwa na nani?

Neno ithibati lenyewe linastahili dokezo. Lina asili moja na thabiti na thibitisha, na katika matumizi ya Tanzania limekwisha kuzoeleka kwa maana ya tamko rasmi kwamba chuo au programu imefikia viwango. Rwanda, iliyokipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, ilikuwa imeyajadili mambo haya kwa Kifaransa kwanza, kisha kwa Kiingereza. Katika mabadiliko hayo ya lugha, kibali cha kufungua chuo na ithibati ya kile kinachofundishwa ndani yake vimechanganywa mara kwa mara, kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Kibali huruhusu mlango ufunguliwe. Ithibati husema aliyepita mlangoni amepata nini.

Dola kama mwalimu na mtahini

Mwaka 1929 utawala wa Kibelgiji wa Ruanda-Urundi ulikubaliana na Mabruda wa Upendo wa Gent kuanzisha Groupe Scolaire huko Astrida, mji unaoitwa leo Huye. Shule hiyo ilifundisha wasaidizi wa tiba, wa mifugo, wa kilimo na wa utawala, na wengi wa waliopokelewa walikuwa Watutsi. Hapakuwa na haja ya chombo cha ithibati. Aliyeagiza mafunzo ndiye aliyeajiri wahitimu, na cheti kilikuwa na thamani kwa sababu mwajiri alikuwa mmoja tu. Kwa upande wa makoloni ya Kiingereza njia ilikuwa nyingine: vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilianza kwa kutoa shahada za Chuo Kikuu cha London, yaani muhuri ulitoka ng'ambo na mafunzo yalitolewa hapa. Tofauti hii ya kale imeacha alama hadi leo, ingawa Rwanda, kama tutakavyoona, imeishia kutumia njia zote mbili.

Chuo Kikuu cha Taifa kilifunguliwa Butare mwaka 1963, kwa ushirikiano wa serikali na Wadominikani wa Kanada chini ya Padre Georges-Henri Lévesque, kikiwa na wanafunzi 51 na wahadhiri 16. Kwa miongo mitatu iliyofuata dola lilisimamia elimu ya juu kwa karibu sana, lakini usimamizi huo ulielekezwa kwenye nani aingie kuliko kwenye nini kifundishwe. Sera ya iringaniza iligawa nafasi za masomo kwa kabila na kwa mkoa. Ni muhimu kulitaja hili katika historia ya ithibati, kwa kuwa wapo wanaofikiri kwamba usimamizi wa serikali ni dhamana ya haki kwa asili yake. Rwanda ya kabla ya 1994 ilikuwa na usimamizi mkali, na ukali huo ndio uliowafungia vijana wengi mlango.

Vyuo vya binafsi na kuzaliwa kwa baraza

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 nchi ilikuwa imepoteza walimu, madaktari, wanasheria na wahasibu kwa kiwango kisichoweza kuzibwa na chuo kimoja cha umma. Chuo cha Waadventista, kilichokuwa kimeanza Mudende mwaka 1984, hakikuweza kurudi kwenye majengo yake. Mahali hapo pakawa kambi ya wakimbizi wa Kikongo, iliyoshambuliwa mara mbili mwaka 1997, na chuo kikahamia Kigali. Chuo Kikuu Huru cha Kigali, ULK, kilianzishwa mwaka 1996 na Profesa Rwigamba Balinda, na UNILAK kikafuata mwaka 1997. Vyuo hivi vilifundisha jioni. Karani na mwalimu wa shule ya msingi waliingia darasani baada ya kazi, wakilipa karo kutoka mifukoni mwao, na kwa mara ya kwanza mnunuzi wa elimu ya juu nchini Rwanda hakuwa serikali.

Hapo ndipo suala la ithibati lilipopata uzito. Maadamu serikali ilikuwa ndiyo inayolipa na kuajiri, chuo kibovu kiliiumiza yenyewe. Sasa chuo kibovu kingemwumiza karani aliyeuza mbuzi ili apate karo. Sheria ya elimu ya 2003, ikifuatiwa na sheria ya elimu ya juu ya 2005 na ile ya 2006 iliyohusu baraza lenyewe, ilileta Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, ambalo baadaye lilijulikana kwa kifupisho cha HEC. Rwanda haikuwa ya kwanza. Kenya ilikuwa na Tume ya Elimu ya Juu tangu 1985. Tanzania iliunda Baraza la Ithibati mwaka 1995, ambalo lilipisha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, mwaka 2005. Uganda ilipitisha sheria yake mwaka 2001.

Mabaraza haya yote yana umbo moja. Ni vyombo vya serikali, vilivyo chini ya wizara ya elimu, na kwa miaka mingi vyuo vikubwa vilivyo chini ya jicho lao vimekuwa mali ya serikali hiyohiyo. Nchini Rwanda jambo hili lilidhihirika zaidi mwaka 2013, sheria ilipounganisha taasisi za umma kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Rwanda. Baraza likawa na chuo kimoja kikubwa cha ndugu yake wa damu, na kundi la vyuo vya binafsi vya watu wengine.

Mkasa wa WDA

Mfano ulio wazi kuliko yote hauko katika vyuo vikuu bali katika mafunzo ya ufundi, na nadhani wanahistoria wameupuuza kwa sababu ufundi huonekana kuwa mambo madogo. Mwaka 2009 iliundwa Mamlaka ya Maendeleo ya Nguvukazi, WDA. Ilipewa kazi ya kuandaa mitaala, kuweka viwango, kuzipa ithibati shule za ufundi, kuwatahini wanafunzi na kutoa vyeti. Na wakati huohuo ilisimamia uendelezaji wa shule zilezile. Vyuo vya umma vya ufundi vya mikoa, vilivyojulikana kama IPRC, vilikuwa chini ya mwavuli wake.

Tulizame jambo hili kidogo. Ofisa anayeandaa mtaala wa uashi hawezi kwa urahisi kuripoti kwamba mtaala huo haufai. Mamlaka inayopimwa kwa idadi ya vijana waliofuzu ina sababu ya kutotaka wafeli. Hapahitajiki ufisadi wala nia mbaya ili mfumo wa namna hii uzae vyeti vyepesi. Muundo peke yake unatosha. Anayeumia ni fundi mwenyewe, pale mwajiri anapoanza kumjaribu upya kwa sababu haamini karatasi aliyoileta.

Serikali ilililegeza fundo hili kwa awamu mbili. Mwaka 2017 ilianzishwa Rwanda Polytechnic, na vyuo vya IPRC vikahamishiwa huko. Mwaka 2020 WDA ikavunjwa: uendelezaji wa mafunzo ukapewa Bodi ya Ufundi, RTB, na mitihani pamoja na ukaguzi wa shule vikapewa chombo kipya, NESA, kinachoshughulikia pia shule za kawaida. Mageuzi haya yalifanywa bila kelele nyingi, lakini kwa maoni yangu ni hatua kubwa kuliko kufungwa kwa chuo chochote, kwa sababu ndani yake serikali ilikiri kwamba mwenye shule asiwe mwenye muhuri. Katika elimu ya juu utengano wa namna hiyo haujafika mbali kiasi hicho.

Muhuri wa ng'ambo

Kuna ithibati nyingine inayofanya kazi Kigali ambayo mizizi yake iko Marekani. Mwaka 2011 serikali ya Rwanda ilitia saini mkataba na Carnegie Mellon, ambayo hutoa Kigali shahada ileile inayotolewa Pittsburgh. Mwaka 2013 Kepler ilianza kuwafundisha vijana wa Rwanda, wakimo wasio na uwezo wa kulipa karo kubwa, kuelekea shahada za Southern New Hampshire University. Nairobi, USIU ilikuwa imetangulia: ina ithibati ya Kimarekani na pia hati ya serikali ya Kenya ya mwaka 1999.

Kule Marekani wanaotoa ithibati si serikali bali ni asasi za binafsi. Serikali huzikagua asasi hizo. Sheria ya mwaka 1952 iliyowalipia masomo askari waliotoka vita vya Korea ilimtaka kamishna wa elimu achapishe orodha ya asasi zinazoaminika, na tangu hapo fedha za umma zimeifuata orodha hiyo. Je, utaratibu huo umetosha? Kisa cha ACICS kinatia shaka. Asasi hiyo ilivipa ithibati vyuo vya Corinthian, vilivyoanguka mwaka 2015, na ITT, vilivyofungwa mwaka 2016. Utambuzi wake ukafutwa mwaka 2016, ukarudishwa mwaka 2018 baada ya utawala kubadilika, ukafutwa tena mwaka 2022. Mkaguzi wa mkaguzi naye aliyumba kwa upepo wa siasa. Hata hivyo, kila hatua ya kisa hicho ilikuwa na majalada, vikao vya wazi na rufaa, na kwa hiyo mwanahistoria anaweza kukisimulia.

Machi 2017, Julai 2020

Machi 2017 serikali ya Rwanda iliamuru vyuo kumi vya binafsi visimamishe programu zote au baadhi yake baada ya ukaguzi. Miongoni mwa zilizoguswa ni mafunzo ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Gitwe, jambo lililoonyesha kwamba katika taaluma za tiba kosa la mtoa ithibati humfikia mgonjwa. Julai 2020 Wizara ya Elimu ilivifunga kabisa Chuo Kikuu cha Kibungo, Christian University of Rwanda na Chuo cha Indangaburezi cha Ruhango. Madeni na mishahara isiyolipwa katika baadhi yake yalikuwa yamesemwa hadharani kabla ya hapo.

Sioni sababu ya kulilaumu baraza kwa kufunga. Linalonitatiza ni muda uliopita kabla ya kufunga. Chuo cha Kibungo kilikuwa kimefundisha tangu 2003, na sehemu kubwa ya miaka hiyo kilikuwa chini ya baraza. Hesabu za taasisi za umma hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu, na tangu 2011 Bunge lina kamati ya hesabu za umma inayowahoji watendaji mbele ya kamera. Njia hiyo hufuatilia fedha na utendaji. Haikuundwa ili kupima kama tamko la ithibati lililotolewa miaka mitano iliyopita lilikuwa sahihi. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lililopo Kampala, limewaunganisha wakaguzi wa nchi wanachama na kuwapa mwongozo wa pamoja, lakini halina mamlaka ya kumwadhibu hata mmoja wao. Mei 2023 Uganda ilipogundua kwamba orodha ya baraza lake ilionyesha programu nyingi, za Makerere zikiwemo, kuwa muda wake umekwisha, vyuo na baraza vilitupiana lawama huku wahitimu waliotaka kusoma au kufanya kazi nje wakidaiwa maelezo.

Mhitimu wa chuo kilichofungwa yuko katika hali ngumu zaidi. Mwajiri akitaka kuhakiki shahada yake hakuna msajili wa kupigiwa simu. Anayebaki kuisemea ni baraza lilelile lililokipa chuo chake kibali, likakikagua, kisha likashiriki kukifunga.