Njia ya Kuelekea Machweo: Reli na Barabara Kuu katika Nchi ya Mbozi

Mwaka 1869 Wamarekani waliunganisha reli zao za mashariki na magharibi huko Promontory, Utah, na tangu hapo ngano, mifugo na madini ya bara lao vikapata masoko ya mbali, ijapokuwa wenyeji wa asili ndio waliolipa gharama kwa ardhi yao. Huku kwetu safari ya kuelekea magharibi ilikuwa na sababu nyingine.

Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, shaba ya Zambia, ambayo aghalabu ilipita kwao kwenda baharini, ilikosa njia ya amani; basi Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda, baada ya wakopeshaji wa Magharibi kukataa kugharamia reli ya kuiunganisha Zambia na bahari kwa hoja kwamba haitakuwa na faida, walitia saini mkataba wa kuijenga na China mwaka 1967, wakapewa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na reli hiyo, TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa Julai 1976.

Barabara kuu iendayo Tunduma, ambayo hapo kwanza madereva waliihofu kwa matope na ajali zake, ilitiwa lami katika zama zizo hizo. Kando yake mji wa Mlowo ulistawi kwa biashara ya mahindi na kahawa ya Mbozi. Na kwa rai yetu, lori limeujenga mji huu zaidi kuliko behewa.