Mti wa Posta wa Mossel Bay

Katika mji wa Mossel Bay, kwenye pwani ya kusini ya Afrika Kusini, uko mti wa kale ambao hata leo huitwa Mti wa Posta. Utomvu wake ni mweupe kama maziwa, na miti ya jamii yake huota hadi pwani za Kenya na Tanzania. Mwaka 1938 ulitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Chini yake limewekwa sanduku la barua lenye umbo la kiatu kikubwa, na wageni hutumbukiza humo barua zao. Karibu na mti ipo chemchemi, nayo ndiyo asili ya habari yote, maana mabaharia walitia nanga hapo kwa ajili ya maji.

Mreno wa kwanza kufika alikuwa Bartolomeu Dias, tarehe 3 Februari 1488, sikukuu ya Mtakatifu Blasio, na mahali pale pakapewa jina la mtakatifu huyo. Wenye nchi walikuwa Wakhoikhoi, wafugaji wa ng'ombe. Walipowatupia wageni mawe ili wasiteke maji, Dias alimpiga mmoja wao mshale, akafa. Jambo hili halina budi kutajwa kabla ya habari ya barua, ingawa vitabu vingi hulipita haraka.

Mnamo mwaka 1500 Pedro Álvares Cabral aliondoka Lisbon na merikebu 13 kwenda India. Alipita Kilwa, ambako mazungumzo yake na Sultani hayakufaulu, kisha Malindi, alikopokewa vema. Huko Calicut, mwezi wa Desemba, kituo cha biashara cha Wareno kilishambuliwa na watu zaidi ya hamsini wakauawa. Cabral naye akaupiga mji kwa mizinga. Katika safari ya kurudi nahodha Pedro de Ataíde alitengana na wenzake. Wareno walimpa mtu huyu lakabu ya Jehanamu, nayo haikuwa ya mzaha. Alipofika kwenye chemchemi aliandika mambo yote yaliyotukia, akaitia barua ndani ya kiatu kikuukuu, akakitundika mtini, akaenda zake.

Tarehe 7 Julai 1501 João da Nova alifika hapo na merikebu nne, naye hakuwa na habari yoyote ya vita. Alikiona kiatu. Kwa barua ile alijua kwamba Calicut ni mahali pa hatari, na kwamba Cochin na Cannanore angepata rafiki. Hakuna tarishi aliyeibeba wala mlinzi aliyeilinda, hata hivyo ilimfikia aliyeihitaji. Kwamba mti wa leo ndio ule ule wa Ataíde ni mapokeo ya wenyeji.

Mwaka huo huo da Nova alijenga hapo kanisa dogo, ambalo hutajwa kuwa nyumba ya kwanza ya ibada ya Kikristo katika nchi ambayo leo ni Afrika Kusini. Lakini lilikuwa kanisa lisilo na usharika. Waliolijenga walitweka matanga, na Wakhoikhoi hawakuachiwa neno lolote. Njia ile iliyonyoshwa na barua ikawafikisha Wareno Kilwa tena: mwaka 1502 Vasco da Gama aliilazimisha kulipa kodi, na Julai 1505 Francisco de Almeida aliiteka na kuipora, kisha akaichoma Mombasa. Ataíde mwenyewe alikufa Msumbiji mwaka 1504, akiwa ameandika barua nyingine, safari hii kwa mfalme.

Neno liliwafikia Wakhoikhoi kwa njia nyingine. Magharibi ya Mossel Bay, mbali na bahari, Mmoravian Georg Schmidt alianza kuwafundisha mwaka 1738 katika bonde ambalo baadaye liliitwa Genadendal. Hakuwa amewekewa mikono. Mwaka 1742 ilimfikia barua ya Zinzendorf iliyompa daraja la uchungaji, naye kwa barua hiyo akabatiza watu wachache. Wachungaji wa Kiholanzi wa Cape walikataa kuutambua ubatizo huo, na mwaka 1744 Schmidt akaondoka.

Kwa miaka 48 hapakuwa na mmisionari bondeni. Wamoravian watatu walipofika mwaka 1792 walimkuta mama mzee, Magdalena, mmoja wa waliobatizwa. Macho yake yalikuwa yamefifia. Aliwaletea Agano Jipya alilopewa na Schmidt, akiwa amelitunza ndani ya ngozi ya kondoo, na mwanamke mmoja kijana akawasomea humo. Wageni walianza kufundisha chini ya mti wa mapeasi ambao Schmidt alikuwa ameupanda.