Pesa za Wazee Gusii: Historia ya Haki Inayopitia kwa Jirani

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, yaani eneo la Gusii, malipo ambayo serikali ya Kenya huwapa wananchi wakongwe yanajulikana na wengi kama pesa za wazee, na ingawa hutoka katika hazina ya taifa, mara nyingi njia ya mzee kuyapata hupitia kwa watu wanaoishi karibu naye, yaani chifu na naibu wake, mzee wa kijiji, kanisa na kamati ya wanufaika. Ushirikiano huo umewafungulia mlango wazee wengi, lakini kwa wale waliotengwa na majirani, hasa wajane wanaoshukiwa kuwa wachawi, mlango huohuo unaweza kubaki umefungwa.

Kabla ya serikali kuingilia kati, mzee wa Kigusii alitunzwa na wanawe na ukoo wake, na kazi za shamba zilifanywa kwa risaga, utaratibu wa majirani kusaidiana kwa zamu. Misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa Nyabururu mwaka 1911 na ile ya Waadventista ya Nyanchwa mwaka 1912 ziliongeza msaada wa kanisa. Hata hivyo, ardhi ilizidi kugawanywa kutoka baba hadi mwana, na kufikia sensa ya 2019 kaunti ya Kisii ilikuwa na zaidi ya watu 900 katika kila kilomita ya mraba. Panapokuwa na uhaba wa ardhi kiasi hicho, mjane mkongwe anayeishi peke yake katika kishamba chake huweza kuonekana kama kizuizi, na tuhuma ya uchawi huwa njia ya kumwondoa.

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, iliyotungwa na wakoloni, inakataza kumtuhumu mtu kuwa mchawi, lakini haimwadhibu anayepeleka tuhuma hiyo kwa polisi, kwa chifu au kwa mwenye mamlaka mwingine. Haikutosha kuwalinda wazee. Mwezi Mei 2008, angalau wazee 11 waliuawa kwa kuchomwa moto katika wilaya ya Kisii, wengi wao wakiwa wanawake, na mwezi Oktoba 2021 wanawake wanne wakongwe waliuawa na umati eneo la Marani.

Katika kipindi hichohicho, serikali ilikuwa ikijenga mfumo wa hifadhi ya jamii, yaani utaratibu wa kuwasaidia wasioweza kujikimu. Ulianza mwaka 2004 kwa majaribio ya kuzisaidia familia zinazolea yatima, ukafuatwa na majaribio ya kuwasaidia wazee katika wilaya za Thika, Nyando na Busia, kisha ukaenezwa nchini hatua kwa hatua. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, iliagiza dola kuwapa hifadhi ya jamii wasioweza kujitegemea, na kifungu cha 57 kikawatambua wazee kuwa na haki ya kuishi kwa heshima na bila dhuluma.

Katika awamu za mwanzo, mzee alipaswa kuwa na umri wa miaka 65 au zaidi, awe maskini na asiwe na pensheni, na orodha ya majina ilisomwa barazani, yaani katika mkutano wa hadhara unaoitishwa na chifu, ili wananchi waithibitishe au waipinge. Utaratibu huo ulikusudiwa kuzuia udanganyifu, kwa kuwa majirani humjua mwenye shida kuliko afisa wa mbali. Lakini ulimtaka mwanamke anayetuhumiwa uchawi aketi mbele ya wanaomtuhumu na kungoja watamke kwamba anastahili, tena mbele ya chifu ambaye sheria ya 1925 ilimfanya kuwa mpokeaji halali wa tuhuma dhidi yake.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2018, mpango wa Inua Jamii ulipoanza kumlipa shilingi 2,000 kwa mwezi kila mtu mwenye umri wa miaka 70 au zaidi asiyekuwa na pensheni, bila kupima umaskini wake. Kwa kanuni hiyo, idhini ya jirani haikuhitajika tena. Hata hivyo, bado palihitajika kitambulisho cha taifa chenye umri sahihi, akaunti ya benki, nauli ya kufika mjini, na alama za vidole ambazo mikono iliyochakazwa na jembe huweza kushindwa kuzitoa. Kwa hiyo kamati za wanufaika, ambazo huchaguliwa na wanufaika wenyewe na kufikisha malalamiko yao kwa maafisa, zimebaki kuwa kiungo muhimu.

India ina funzo linalofanana na hili. Huko, mpango wa PACS, uliofadhiliwa na Uingereza hadi 2016, ulishirikisha mashirika ya kiraia katika kuwafikishia mipango ya serikali Wadalit, jamii zilizobaguliwa kwa misingi ya tabaka, na Waadivasi, jamii asilia. Msingi wake ulikuwa kwamba aliyetengwa hawezi kusubiriwa aje mwenyewe kudai haki, bali hutafutwa alipo.

Msingi huo ndio unaohitajika Gusii. Ushirikiano wa serikali, kanisa na kamati utakuwa na maana iwapo utakuwa na wajibu wa kuwatembelea nyumbani wazee wasioonekana barazani, kuwaandikisha huko, na kutoa taarifa ya waliokosekana pamoja na sababu zake. Pale ambapo majirani ndio chanzo cha hatari, dola haiwezi kuwaachia peke yao kazi ya kusema nani apewe haki yake.