Utabiri wa hali ya hewa: maana, matumizi na istilahi za karibu

utabiri (nomino, ngeli ya U). 1. Kauli kuhusu jambo litakalotokea, itolewayo na mwenye maono, mnajimu au mpiga ramli. 2. Makadirio ya hali ya hewa ya saa, siku au miezi ijayo, yanayotokana na vipimo na hesabu. Kitenzi: tabiri. Minyambuliko: tabiria, tabirika, tabiriwa. Mtendaji: mtabiri.

Asili na maana mbili
Neno hili lina asili ya Kiarabu, ambako taabiri ni kufasiri ndoto. Maana hiyo ya kale haijafutika, na ndiyo sababu baadhi ya wasikilizaji humhesabu mtaalamu wa televisheni kuwa mwongo pindi mvua aliyoitaja isiponyesha. Mpiga ramli hudai kujua, mtaalamu hukadiria. Kwa hiyo mtu huyo ni bora aitwe mtaalamu wa hali ya hewa kuliko mtabiri, na kauli zake zitumie vitenzi vinavyobeba kadirio. Linganisha:

Mvua itanyesha kesho Tanga. (kauli ya uhakika)
Mvua inatarajiwa kunyesha kesho katika maeneo machache ya mkoa wa Tanga. (kauli ya utabiri)

Mfasiri anayefupisha sentensi ya pili ikawa ya kwanza amemtia mtaalamu ahadi ambayo hakuitoa.

Angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa
Katika taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, maneno haya si visawe bali ni ngazi zinazopanda. Angalizo huonyeshwa kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya machungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Taarifa hutaja pia uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari, mambo mawili yasiyopaswa kuchanganywa: jambo lenye uwezekano mdogo laweza kuwa na athari kubwa. Neno onyo halifai mahali pa angalizo, kwa kuwa lina ladha ya kukaripia. Mzazi humwonya mtoto.

Idara ya hali ya hewa ya Marekani nayo hutofautisha taarifa isemayo kwamba mazingira yanaruhusu dhoruba kutokea na taarifa isemayo kwamba dhoruba imeonekana au i karibu kutokea. Mfasiri anayewahudumia Waswahili waishio huko akiandika tahadhari kwa zote mbili, msikilizaji hatajua kama anatakiwa kujiandaa au kujificha papo hapo. Dawa yake ni kutaja tendo: jiandae; ingia mahali salama sasa.

Kimbunga
Neno hili hutumika kwa mambo mawili. La kwanza ni dhoruba kubwa izaliwayo baharini, ambayo hufuatiliwa kwa siku kadhaa. Mfano ni kimbunga Hidaya, kilichoikaribia pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024 na kupungua nguvu karibu na kisiwa cha Mafia tarehe 4. La pili ni mnara wa upepo unaozunguka kwa kasi kutoka wingu la radi hadi ardhini, ambao mara nyingi hudumu dakika chache tu. Ushauri hutofautiana: kwa dhoruba ya baharini, wakazi wa mwambao waweza kutakiwa kuhama mapema, kwa mnara wa upepo, watu huingia chumba cha chini kabisa cha nyumba, mbali na madirisha. Palipo na shaka, andika kimbunga cha baharini kwa la kwanza na tonado kwa la pili. Chamchela ni upepo mdogo wa kuzunguka unaorusha vumbi na majani. Usitumike kwa lolote kati ya hayo.

Wastani
Mvua za wastani zina maana mbili. Katika utabiri wa siku, ni mvua isiyo kubwa wala ndogo. Katika utabiri wa msimu, kama ule wa masika (Machi hadi Mei) au wa vuli (Oktoba hadi Desemba), ni mvua inayokaribia kiwango cha kawaida cha mahali husika kwa miaka mingi. Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 700, wastani wake ni kidogo mno ukilinganishwa na wa Bukoba, ambako mvua hupita milimita 1,500. Mkulima wa Dodoma akidhani wastani maana yake ni mvua ya kutosha mahindi, atapanda mbegu isiyofaa. Katika maana ya pili ni salama kuandika: mvua za kiwango cha kawaida kwa eneo hilo.

Upepo, saa na joto
Upepo huitwa kwa upande utokako. Kusi hutoka kusini na kaskazi hutoka kaskazini. Kosa la kawaida ni kufasiri upepo wa kusini kuwa upepo uendao kusini. Saa nazo zibadilishwe kwa makini: saa 18:00 ni saa 12 jioni, na anayeandika saa 6 jioni humwacha msomaji njia panda. Nyuzi joto zitajwe pamoja na kipimo chake, kwani nyuzi 90 za Farenhaiti ni takriban 32 za Selsiasi.

Hewa, anga na anga za juu
Nchini Kenya, hali ya anga hutumika sana kwa maana ileile ya hali ya hewa. Matumizi hayo ni sahihi, lakini huleta utata pale mtaalamu yuleyule anapozungumzia pia jua, mwezi na sayari. Tarehe 10 Mei 2024 dunia ilipigwa na dhoruba ya usumaku iliyotokana na jua, ikafika ngazi ya tano, ya juu kabisa katika kipimo cha Marekani. Dhoruba hiyo haileti mvua, upepo wala joto. Huathiri setilaiti, mawasiliano ya redio na mitambo ya umeme. Kwa matukio kama hayo andika hali ya anga za juu, na utaje dhoruba ya usumaku badala ya dhoruba pekee.

Tanbihi ya sarufi: jua au mwezi hupatwa. Husemwa kupatwa kwa jua, si kupatwa na jua.

Tazama pia: tabianchi, msimu, mnajimu, falaki.