Hodi

“Hodi” ni tamko la mgeni anayeomba ruhusa ya kuingia. Jibu lake ni “karibu”. Nyumba isipoitikia hodi ya tatu, adabu ya Kiislamu inayofuatwa pwani humtaka mgeni arudi alikotoka bila kinyongo. Wakwe nao hupiga hodi. Mavyaa, yaani mama wa mume, akifika bila taarifa na kumkuta mkamwana amejilaza baada ya zamu ya usiku, hodi humpa mwenyeji nafasi ya kujitanda kanga, au mtoto kutoka na kusema, “Shikamoo bibi, mama amepumzika.” Siku hizi simu hutangulia hodi: anayearifiwa mapema huweza kulala kwanza, au kuomba ziara isogezwe hadi jioni.