Jibu ni TEMA

Kidokezo kinasema: "Mate kinyume, usiyameze (4)." Jibu ni TEMA.

Aliyekulia pwani akicheza kusema kinyume hatasumbuka. Silabi ya mwisho hutangulizwa mbele: nyumba ikawa mbanyu, mate yakawa tema. Nusu ya pili ya sentensi inaleta ushahidi, maana asiyemeza mate huyatema. Ile 4 kwenye mabano ni hesabu ya herufi. Kidokezo hicho nilikitunga kibarazani, nikimtuliza kijana wa jirani aliyekuwa amelikasirikia gazeti la Kiingereza. Alikuwa amefungua ukurasa wa chemshabongo, akasoma vidokezo vitano, hakuambulia hata kimoja, akajihukumu kwamba Kiingereza chake kimeoza. Kiingereza chake hakina kasoro. Alichokosa ni kanuni za mchezo, na kanuni hizo hazikuwapo siku mchezo ulipozaliwa. Ziliongezwa baadaye, moja baada ya nyingine, na watu wenye inda ya kiungwana.

Mchezo wenyewe ulizaliwa Jumapili, Desemba 21, 1913, katika gazeti la New York World. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani, alikuwa na kurasa za burudani za kujaza kwa toleo la kuelekea Krismasi. Akachora umbo la almasi lenye tundu katikati, akaligawa visanduku, akaandika neno moja tayari, FUN, yaani raha, ambalo pia lilikuwa jina la kurasa hizo. Mengine akamwachia msomaji. Kupanga maneno yasomeke kwa mlalo na kwa wima hakukuwa jambo geni. Kwenye magofu ya Pompeii kuna mraba wa maneno matano ya Kilatini unaosomeka kila upande. Lakini huo haumuulizi mtu chochote. Wynne aliuliza.

Na aliuliza kikavu, kama mwalimu anayesahihisha imla. Mto wa Urusi? NEVA. Mnyama awindaye? LION. Nyuzi za mgomuti? DOH, na sijui ni mkazi gani wa New York aliyekuwa akijua habari za mgomuti. Njiwa, DOVE, alitokea mara mbili katika fumbo lile lile, mara moja akiitwa ndege na mara nyingine akiitwa kwa aina yake. Mhariri wa leo angemrudishia mtungaji karatasi yake. Wynne aliuita mchezo wake "Word-Cross". Wiki chache baadaye maneno mawili hayo yalibadilishana nafasi katika kuchapwa, ikatoka "Cross-Word", na hakuna aliyejishughulisha kuyarudisha. Kwa hiyo jina ambalo dunia nzima inalitumia hadi leo nalo ni kinyume.

Kwa miaka kumi fumbo lilibaki zaidi mambo ya gazeti moja, tena lilijaa makosa. Msichana aliyeajiriwa hapo kama katibu, Margaret Petherbridge, alikabidhiwa kazi ya kuyachagua mafumbo yanayoletwa na wasomaji. Mwanzoni aliyachapa bila kuyajaribu. Mwandishi mmoja wa safu, Franklin P. Adams, alikuwa mjazaji mkali, na kila kosa alimpelekea mezani. Siku moja Petherbridge akachukua penseli akajaribu kulijaza fumbo aliloliidhinisha yeye mwenyewe. Likamshinda, na halikumshinda kwa ugumu: vidokezo vilikuwa vibovu. Tangu hapo halikutoka fumbo asilolijaribu kwanza. Nadhani hapo, mezani pa katibu, ndipo mchezo ulipopata heshima yake, kuliko hata kwenye almasi ya Wynne. Msomaji akawa mtu mwenye haki ya kutodanganywa ovyo.

Aprili 1924 Petherbridge na wenzake wawili walitoa kitabu cha kwanza cha mafumbo haya. Wachapishaji, Simon na Schuster, walikuwa vijana wanaoanza biashara, na waliona haya kiasi cha kukitoa kwa jina jingine la kampuni, Plaza. Kila nakala ilifungwa pamoja na penseli. Kabla mwaka haujaisha aibu iligeuka fedha nyingi, na Marekani ikashikwa na homa. Reli ya Baltimore and Ohio iliweka kamusi ndani ya treni. New York Times, gazeti la wazito, liliandika tahariri Novemba mwaka huo likiuita mchezo upotevu wa muda, tena wenye dhambi, na wendawazimu utakaopita. Halikuchapa fumbo hata moja kwa miaka 17 iliyofuata. Kisha Wajapani wakaishambulia Pearl Harbor, wahariri wakaona wasomaji wao watahitaji kitu cha kushika mkononi usiku wa taa kuzimwa, na Februari 15, 1942 fumbo la kwanza likatoka katika toleo la Jumapili. Wakamwajiri nani kulisimamia? Petherbridge yule yule, ambaye sasa aliitwa Margaret Farrar. Alikaa kwenye kiti hicho hadi 1969.

Hadi hapo bado tuko kwenye vidokezo vya kamusi: maana upande huu, neno upande ule. Hila iliingia ng'ambo ya Atlantiki. Waingereza waliupokea mchezo katika miaka ya 1920, wakauona mwepesi, wakaupinda. Mshairi na mfasiri Edward Powys Mathers alianza kutungia gazeti la Observer mwaka 1926 kwa jina la Torquemada, yule kadhi mtesaji wa baraza la kuwasaka wazushi katika Uhispania ya kale, na jina halikuwa la mzaha sana. Aliyemrithi, Derrick Macnutt, akajiita Ximenes, kadhi mwingine wa baraza lile lile. Wa tatu alikuwa padri na mwalimu mkuu, A. F. Ritchie, ambaye herufi za mwanzo za jina lake zilimpa lakabu ya Afrit. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapo: ni afriti, jini lile lile la hadithi zilizotufikia kwa Waarabu.

Afriti huyu ndiye aliyeweka mkataba, katika kitabu alichokitoa 1949. Mtungaji ana ruhusa ya kusema jambo asilolikusudia, lakini alilolikusudia lazima liwemo katika maneno yake. Ximenes akaupigilia misumari mwaka 1966: kidokezo halali kina maana ya jibu mwanzoni au mwishoni, kina mchezo wa herufi unaolijenga jibu hilo hilo kwa njia ya pili, na hakina kingine. Kila neno lina kazi. Njia mbili, nyumba moja. Ukifika kwa zote mbili unajua bila shaka kwamba umefika.

Nilimwonyesha kijana kwa Kiswahili, kwa kuwa kueleza hila kwa lugha ya kukopa ni kumchosha mtu bure. "Baraka zilizopita zimeficha ajira (4)." Akafikiria dua, akafikiria bahati. Nikamwambia aache kufikiri, asome herufi: bara-KA ZI-lizopita. KAZI imejificha pale pale, imelalia maneno mawili, na ajira ndiyo maana yake. "Utajiri ukipinduka, shika jembe (4)." Hiki alikikamata mwenyewe, mali ikawa LIMA, akacheka kwa sauti. "Ufukweni hutembea kando, jikoni huwaka, mgeni huamriwa (3)." KAA, kwa maana tatu. Hiki cha mwisho Ximenes angeniwekea alama nyekundu, kwa sababu mgeni hakaribishwi kwa amri. Huambiwa karibu kwanza.

Kuanzia hapo raha ya pili ya mchezo ikawa kueleza. Fumbo la 1913 halielezeki: mto ni Neva, basi. Fumbo la afriti linadai ufafanuzi, na mtu aliyelijaza lote lakini akabakiwa na jibu asilojua limepatikanaje hulala vibaya.

Ukweli kwamba maneno yanaweza kusema jambo na kuficha jingine haukuwapita wanajeshi. Januari 1942 gazeti la Daily Telegraph la London liliwaalika wasomaji ofisini kwake Fleet Street wajaze fumbo chini ya dakika 12. Baadaye baadhi yao walipata barua zilizowaita kwa kazi ya taifa, wakajikuta Bletchley Park, kituo cha kuvunja simu za siri za Wajerumani. Hicho ndicho kisa kinachosimuliwa kwa fahari. Kilichofuata kilisimuliwa kwa kunong'ona.

Mtungaji mkuu wa Telegraph alikuwa Leonard Dawe, mwalimu mkuu wa Strand School ya London, ambayo vita viliihamishia Effingham, huko Surrey. Ndiye aliyetunga fumbo la kwanza la gazeti hilo mwaka 1925. Mei 2, 1944, moja ya majibu yake lilikuwa UTAH. Mei 22, OMAHA. Mei 27, OVERLORD. Mei 30, MULBERRY. Juni 1, NEPTUNE. Kwa msomaji wa kawaida ilikuwa jimbo la Marekani, kabila la mtoni Missouri, bwana mkubwa, mti wa forsadi na mungu wa bahari. Kwa maofisa wachache waliokuwa wanajua, zilikuwa fukwe mbili za Normandy ambako Wamarekani wangeshuka, jina la uvamizi wote, jina la bandari za kuelea zitakazovutwa hadi huko, na jina la shughuli ya majini. Uvamizi ulikuwa Juni 6.

MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, wakamwendea Dawe. Walimhoji wakamgeuza nje ndani, kama alivyokuja kueleza mwenyewe kwenye BBC mwaka 1958, kisha wakaamua kutomfyatulia risasi. Hakuwa na la kuwaambia zaidi ya kuuliza ni sheria gani inamkataza mtu kutumia maneno ya kamusi. Mwaka 1984 mmoja wa wanafunzi wake wa zamani alijitokeza na maelezo. Mwalimu alikuwa na desturi ya kuwapa wavulana miraba mitupu waijaze maneno, kama zoezi la ubongo, kisha yeye akayatungia vidokezo. Na wavulana walikuwa wakizurura kwenye kambi za wanajeshi wa Marekani na Kanada zilizokuwa jirani, ambako majina hayo yalizagaa midomoni, ingawa maana yake hakuna aliyeijua. Wapo wanaoitilia shaka kumbukumbu ya miaka 40. Mimi naiamini, kwa sababu nimewahi kuwa mvulana.

Turudi kibarazani. Mafumbo mengi ya Kiswahili niliyowahi kujaza magazetini bado yako mwaka 1913: wingi wa mti, mji mkuu wa Uganda, kinyume cha baridi. Si kwamba lugha haina hila. Vitendawili tunavyo, na kinyume hicho hicho Askofu Steere alikikuta kikisemwa Unguja katika karne ya 19. Shida moja ipo kwenye mraba wenyewe, na ukijaribu kuuchora utaiona upesi. Neno letu likiacha zile mb na nd na sh, huenda konsonanti, irabu, konsonanti, irabu, na mwisho wake karibu kila mara ni irabu. Ukiyasukuma maneno hayo katika mraba uliojaa, MALI mstari wa kwanza, mstari wa pili utaanza na irabu, na wenye herufi nne utaishia kwa konsonanti, jambo ambalo Kiswahili hakilipendi. Inabidi lianzalo na irabu liwe na herufi tano: ASILI, IMANI, ELIMU.

Katika mraba wa Waingereza, ambamo maneno hukatana kila baada ya herufi moja, jambo linakuwa la ajabu zaidi. Herufi zinazokatana huwa konsonanti tupu au irabu tupu. Ukipata K-Z- unasoma kama wazee walivyosoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu kisichotiwa irabu: mifupa ipo, nyama unaitia mwenyewe. Ukipata -A-I umekwisha. Haki, mali, kazi, nazi, jani, bati, safi, hali; zote zinaingia. Hapo maana peke yake haikuokoi, unahitaji ile njia ya pili, mchezo wa herufi. Kwa maneno mengine, Kiswahili kinahitaji hila za afriti kuliko Kiingereza kinavyozihitaji, na bado tunaulizana wingi wa mti.

Kijana aliniuliza kama fumbo linaweza kusema jambo zito, au ni ujanja tu wa watu wenye nafasi. Nikamsimulia habari za John Graham, mchungaji wa Kianglikana aliyelitungia gazeti la Guardian tangu 1958, na baadaye kwa jina la Araucaria. Wasomaji wake walimpenda kama babu. Januari 2013, akiwa na miaka 91, alichapa fumbo lenye maelezo mafupi juu yake: Araucaria ana 18 ya 19, na inatibiwa kwa 13 na 15. Hakusema zaidi. Aliyetaka kujua ilibidi achukue kalamu, avifumbue vidokezo kimoja kimoja, na aandike kwa mkono wake mwenyewe, herufi moja kwenye kila kisanduku: saratani, umio, tiba shufaa.