Kiingilio si pato: hela ya mlangoni, kutoka Bisie hadi Kamalondo

Enzi za machimbo ya mikono, mtu aliyekwenda Bisie alilipa kabla hajaliona shimo. Bisie ni mlima ulio ndani ya msitu wa Walikale, Kivu Kaskazini, na tangu mwaka 2002 hivi watu walimiminika huko kuchimba kasiteriti, jiwe linalotoa bati. Gari halikufika. Ulishukia Njingala, kwenye barabara kuu, ukaingia msituni kwa miguu, na njiani ukakuta kamba au mti umelazwa kukinga njia. Wenyeji huiita bariere. Kuanzia 2006 hadi 2009 mlima ulikuwa mikononi mwa brigedi ya 85 ya jeshi la serikali, na askari wake walimtoza anayepanda, wakamtoza na anayeshuka na gunia la kilo 50 mgongoni.

Mwulize Mswahili yeyote ile hela ya kupandia inaitwaje, atakujibu bila kufikiri: kiingilio. Hajakosea. Ni neno hilo hilo linalosikika redioni Dar es Salaam wiki ya mechi ya Simba na Yanga, mtangazaji akisoma viingilio vya jukwaa hili na lile. Sasa mwulize swali la pili: je, ile hela ya bariere ilikuwa mapato ya Bisie? Hapo atasita. Mapato ya nani? Mlima haukupata kitu, kijiji hakikupata kitu, na hazina ya Walikale ilisikia harufu tu.

Kusita huko ndiko ninakokutaka kwenye habari za mpira. Magazeti yetu yanaandika "kiingilio" na "mapato" kana kwamba ni pacha, na msomaji akishapiga hesabu ya watazamaji mara bei ya tiketi, anaamini amejua klabu imepata kiasi gani. Hajajua. Amejua watu wametoa kiasi gani, basi.

Tulitazame neno lenyewe. Ingia, ingilia, kiingilio. Kimejengwa kama kizibo na kifuniko: kitu cha kufanyia jambo. Kizibo ni cha kuzibia, kiingilio ni cha kuingilia. Neno limesimama upande wa mlipaji tangu kuzaliwa kwake. Katika vyama vya ngoma vya pwani, mwanachama mpya alitoa kiingilio ndipo akahesabiwa mwenzao. Bwana harusi naye ana kifungua mlango chake na kipa mkono chake. Yote hayo ni majina ya kile mtu anachotoa ili apite. Hakuna hata moja linalosema hela imeishia kwenye kisanduku cha nani. Mapato yanatokana na pata, na anayepata yuko upande wa pili wa mlango.

Kifaransa kimewasaidia kidogo ndugu zetu wa Kongo. Ukienda Goma, kwenye Uwanja wa Umoja walikozoea kuchezea timu za Virunga na Dauphin Noir, utasikia mambo mawili tofauti. Shabiki nje ya ukuta anauliza, "Kuingia ni ngapi?" Kiongozi wa timu, mechi ikiisha, anauliza, "Resete ni ngapi?" Resete ni recette, kilichopokelewa. Kiswahili cha Goma hakijalitafsiri neno hilo, kimelimeza zima, na nadhani kwa sababu hii: walihitaji jina la upande wa mpokeaji, na kiingilio hakikutosha. Waingereza kwa upande wao huziita fedha hizo "lango" tu, mlango na pesa kwa neno moja, na sisi tukachukua kwao "mapato ya getini" au "mapato ya mlangoni." Si tafsiri mbaya. Ila nayo ina ufa, nitaurudia.

Kwanza tuone kinachotokea kati ya kiingilio na pato, kwa karatasi moja ninayoipenda. Tarehe 20 Oktoba 2013 Yanga ilikwenda mapumziko ikiongoza 3-0 dhidi ya Simba katika Uwanja wa Taifa, ambao leo ni Uwanja wa Benjamin Mkapa. Kipindi cha pili Simba ikarudisha yote, 3-3. Watu zaidi ya 57,000 walikata tiketi, na viingilio vyao vikafika shilingi milioni 500 na ushei. Mgawanyo ukatangazwa, kama ilivyokuwa desturi ya shirikisho siku hizo, na mgawanyo huo ni shule nzima ya istilahi.

Wa kwanza kuchota ni VAT. Watu hudhani asilimia 18 ya milioni 500 ni milioni 90. Sivyo, kwa sababu kodi imeshakaa ndani ya bei ya tiketi. Unagawanya kwa 118 kisha unazidisha kwa 18, na unapata milioni 76. Zikafuata gharama za tiketi zenyewe. Kilichobaki ndicho kilichowekwa mezani kugawanywa kwa asilimia: uwanja 15, kisha gharama za mchezo, wasimamizi wa ligi, shirikisho, chama cha soka cha mkoa, kila mmoja na kijiko chake. Mwisho wa yote kila klabu ilipokea kama milioni 123. Zijumlishe za klabu zote mbili, utaona hazifiki nusu ya kile watu walichotoa mlangoni.

Kwa hiyo tuna maneno manne, na kila moja lina kazi yake: kiingilio, ambacho ni bei kwa mtu mmoja; makusanyo, jumla ya viingilio kabla hakijaguswa kitu; makato, yanayochotwa njiani; na pato, linaloingia akaunti ya klabu. Kiswahili hakina upungufu hapa, sisi ndio tunaotumia kijiko kimoja kwa chai na mchuzi. Mwandishi anayesema "mechi imeiingizia Simba milioni 500" amekosea hesabu na lugha kwa pigo moja. Afadhali yule wa bariere ya Bisie: alijua fika kwamba anachotoa hakiendi kwa mwenye shimo.

Wahasibu wa mpira duniani huweka mapato ya klabu kwenye vikapu vitatu: siku ya mechi, televisheni, na biashara. Kampuni ya Deloitte hupanga klabu tajiri kila mwaka kwa vikapu hivyo. Real Madrid ilikuwa ya kwanza kuvuka euro bilioni 1, katika msimu wa 2023/24, na karibu robo ilitoka kikapu cha siku ya mechi baada ya uwanja wake wa Santiago Bernabéu kufanyiwa ukarabati mkubwa. Kikapu hicho ni kipana kuliko mlango. Ndani yake mna tiketi za msimu, vyumba vya wageni wa heshima, chakula na vinywaji. Ndiyo maana sipendi kukiita kikapu chote "mapato ya mlangoni." Mtu aliyekunywa soda akiwa kitini hakuinywea mlangoni.

Kikapu cha pili kina mtego mwingine. Tunasema "haki za matangazo," na Mei 2021 shirikisho la Tanzania na Azam Media walipotia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, ndivyo ulivyoitwa. Lakini matangazo ni pia yale mabango ya sabuni na bia kando ya uwanja, na hayo ni ya kikapu cha tatu. Ukisoma "mapato ya matangazo ya klabu," huwezi kujua ni hela ya kamera au ya bango. Watu wa mitaani wamekwishatatua: wao husema mechi "inarushwa." Haki za kurusha, basi. Neno hilo halina ufasaha wa kanzu na koti, lakini halidanganyi. Na kwenye kikapu cha tatu yumo mdhamini, neno linalonichekesha kila mara: anayeipa klabu jezi na anayekutoa mahabusu wana jina moja. Pengine kwa klabu nyingi za kwetu hiyo si tofauti kubwa.

Turudi msituni. Kambi za machimbo hazikuwa na uwanja wa kukata tiketi, lakini mpira wa kulipia ulikuwapo. Kila kambi kubwa ilikuwa na chumba cha video: mbao zimepigiliwa, hema la plastiki juu, dishi nje, jenereta ikinguruma upande wa pili ili isizidi sauti ya mtangazaji. Dar es Salaam tungekiita kibanda umiza. Mlangoni anakaa kijana na daftari au hana hata daftari, anapokea noti za franka zilizolainika kwa jasho, na mchimbaji anaingia kuiona Barcelona au Arsenal. Amelipa kiingilio cha mpira, hilo halina ubishi. Je, ni pato la siku ya mechi la klabu gani? Hakuna. Sehemu yake imenunua petroli, iliyobebwa mgongoni kama kila kitu cha kule, na ndiyo maana kila kitu kilikuwa ghali. Sehemu imebaki kwa mwenye chumba. Punje iliyobaki, kama mwenye chumba analipia kadi ya dishi, imesafiri hadi kampuni ya televisheni na kutoka hapo, ikiwa imechujwa mara nyingi, imedondokea kikapu cha pili cha klabu ya Ulaya. Kiingilio msituni, haki za kurusha Ulaya. Hela ni moja, imebadilishwa jina njiani.

Mwaka 2025 njia ikawa fupi zaidi. Serikali ya Kongo iliingia mkataba wa miaka minne na FC Barcelona, ulioripotiwa kuzidi euro milioni 40, ili maneno ya kuitangaza nchi kuwa moyo wa Afrika yawekwe kwenye nguo za mazoezi. Baba wa Walikale anayelipa franka kuitazama Barcelona ni mteja wake. Sasa kupitia hazina ya nchi yake amekuwa pia mdhamini wake. Wala Kongo haikuwa ya kwanza, Rwanda iliingia kwenye mkono wa jezi ya Arsenal mwaka 2018. Sijui kikapu cha tatu kingeitwaje kama wahasibu wangekuwa Wanyanga, wenyeji wa Walikale.

Bisie yenyewe imebadilika. Kampuni ya Alphamin ilianza kuzalisha kwa mitambo mwaka 2019, na 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Machi 2025 kazi ilisimama vita vilipousogelea mji wa Walikale, ikaendelea mwezi uliofuata. Kwingineko migodi ya namna hiyo imezaa timu za ligi kuu: Mwadui kwenye almasi ya Shinyanga, Geita Gold kwenye dhahabu, Nkana kwenye shaba ya Zambia. Timu za migodi hazitegemei mlango. Hela inatoka shimoni, na siku bei ya madini ikianguka au meneja mpya asiyependa mpira akija, timu inashuka daraja.

Hata TP Mazembe ni hivyo, ukiitazama kwa karibu. Ni moja ya klabu chache za eneo letu zenye viwanja vyao wenyewe. Wake ni ule wa Kamalondo, Lubumbashi, uliofunguliwa 2011, wenye viti kama 18,500. Hapo hakuna mwenye uwanja wa kukatiwa asilimia 15. Tufanye kila mtu alipe dola 2 na viti vyote vijae: dola 37,000, kabla ya makato. Desemba 2010 Mazembe ilifika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ikafungwa 3-0 na Inter, na zawadi ya mshindi wa pili ilikuwa dola milioni 4. Kuzipata mlangoni kungehitaji kuujaza uwanja zaidi ya mara 108. Klabu imesimama kwa miaka yote hiyo kwa mfuko wa rais wake, Moïse Katumbi, tangu 1997. Huo nao ni chanzo cha mapato, na hatujakipa istilahi. "Ufadhili" ni la heshima mno, na "mfuko wa bosi" ndilo watu wanalosema.

Niliahidi kuurudia ufa wa "mapato ya mlangoni." Uko hapa: viwanja vingi vya kando ya barabara ya Masisi na Walikale havina mlango. Ni uwazi wa udongo mwekundu, magoli ya miti, watu wamesimama kwenye mstari na mbuzi amepita katikati. Huwezi kutoza kuingia mahali pasipo na ukuta. Mapumziko yakifika, mtu wa kamati anazunguka na kofia au beseni, anayetaka anatia, asiyetaka anatazama juu kama anayesoma mawingu. Hicho si kiingilio, kwa kuwa hakuna aliyezuiwa. Si makusanyo ya mlangoni, maana mlango haupo. Lakini ni resete, kiongozi wa timu ataiita hivyo bila shaka, na ataihesabu kabla waamuzi hawajaja kudai chao.

Mimi ningeiita mapato ya mechi. Linatosha beseni la Walikale na linatosha Bernabéu pamoja na soda zake, na ukilitumia unalazimika kutaja mechi gani, tarehe gani, na ya nani. Mtunza hazina wa timu yenye beseni ameketi juu ya jiwe, anazipanga noti za franka 500 upande wake na za 1,000 upande wake, anazifunga kwa mpira. Mwamuzi wa kati ameshasimama nyuma yake.